Kahawa ya Romanus na Sheria ya Nailoni

Katika nyumba ya mzee Nazari, kule mlimani Mbuji, chakula kilikuwa na utaratibu wake. Aurelia alipika, Aurelia akapakua, na kabla mtu mwingine hajagusa, Aurelia akamega tonge la kwanza akalila mbele ya wifi yake. Hakuna aliyetangaza jambo hilo. Devotha, dada wa mumewe, alianza siku moja kwa utani, "Mpishi aonje, tusije tukala chumvi tupu." Kesho yake akarudia bila kucheka. Siku hazikuwa nyingi, Aurelia akawa anamega tonge mwenyewe kabla ya kuambiwa. Mtu huzoea kushukiwa kama anavyozoea moshi wa jikoni. Macho yanawasha, lakini ugali unasongwa.

Chanzo kilikuwa kahawa.

Romanus alipooa, baba yake alimkatia kipande cha mlima kinachotazama machweo, pamoja na kahawa changa ambazo mzee mwenyewe alikuwa amezipanda msimu uliotangulia. Wakati zinapandwa Romanus alikuwa kibarua Mbinga mjini, kwenye ghala la mnunuzi binafsi, maana soko huria lilikuwa limeshaingia, ushirika umelala usingizi, na kila mwenye lori na mizani aliweza kujiita mnunuzi wa kahawa. Akarudi nyumbani na mke kutoka Lituhi, kando ya ziwa, binti wa Kinyasa aliyejua kuanika usipa, dagaa wa ziwani, kuliko kuanika kahawa.

Miti ilimpokea bibi arusi vizuri. Ilinyooka, ikatoa majani mapana ya kung'aa, majirani wakasifu. Kisha ikasimama. Haikufa, haikukua. Majani yakapauka, matawi yakakonda, na mwaka iliotakiwa kuzaa haikuzaa. Mwaka uliofuata vilevile. Sasa ilikuwa Machi, kahawa za majirani ng'ambo ya korongo zimebeba punje za kijani mpaka matawi yanainama, na za Romanus zimesimama tu kama watu waliokosa la kusema msibani.

"Mlima uleule, mvua ileile," Devotha alikuwa akisema, kwa sauti ya mtu anayeongea peke yake huku akijua anasikika. "Kilichoongezeka ni kimoja tu."

Kilichoongezeka ni Aurelia.

Mzee Nazari hakusema kitu. Kwa heshima ya ukwe, yeye na mkamwana wake hawakuzungumza uso kwa uso. Aliitikia shikamoo yake akitazama pembeni, na akitaka jambo alilipitisha kwa binti yake au kwa mwanawe. Ndiyo maana neno lenyewe lilimfikia Aurelia kwa mdomo wa wifi, wawili hao wakiwa wanachambua maharage ya mbegu uani.

"Baba anasema tumalize kwanza kulima ngoro za maharage," Devotha alisema. "Zikiisha, tutakaa kikao. Wewe utarudi Lituhi ukapumzike."

"Nimechoka nini, wifi?"

"Utapumzika tu. Mtoto atabaki. Si ameshaacha ziwa?"

Aurelia akamtazama Tadea, binti yake, aliyekuwa amekaa juu ya maganda ya maharage akijaza kikombe na kukimwaga, akijaza na kukimwaga. Alikuwa ameacha ziwa mwezi huohuo. Aurelia mwenyewe ndiye aliyejisifu.

"Na Romanus anasemaje?"

"Kaka ni mtoto wa baba yake."

Jioni alimuuliza mumewe. Romanus alikuwa anakwangua tope kwenye jembe, na aliendelea kulikwangua hata lilipokuwa limeshatakata.

"Nilimwambia baba tusubiri," alisema. "Nilisema, tusubiri kidogo."

"Tusubiri nini?"

Hakujua. Alikuwa mwanamume mpole, na upole wake ulikuwa kama mwavuli wa kitenge, mzuri mpaka mvua inyeshe.

Kushukiwa kunaambukiza. Aurelia naye alianza kutazama. Devotha alikuwa ameachika na kurudi kwa baba yake mwaka uleule kahawa ziliposimama, na tangu arudi hakuwa na hata tuta lake mwenyewe. Shamba likirudi kwa mzee, nani atakayelilima? Mtu akitaka kuuvunja nguvu mti bila kuuangusha, si anamwagia shinani maji ya moto, au ya chumvi, kidogokidogo? Aurelia akaanza kuangalia Devotha anapokwenda na ndoo, na anaporudi nayo ikiwa tupu. Walikuwa wakipishana mlangoni kwa "samahani wifi" na "pita wifi", na kila mmoja akigeuka nyuma kumtazama mwenzake.

Mwezi huohuo yakaja maneno ya nailoni.

Mwenyekiti wa kijiji, Ignatio, alisimama nje ya kanisa baada ya misa akasema serikali inataka kuitungia sheria mifuko ya nailoni, ile myepesi ya dukani, ipigwe marufuku, na wilaya inataka kusikia maoni ya vijiji. Mkutano utafanyika siku ya Jumatano, mbele ya ofisi. Watu walimsikiliza wakiwa wamekunja mikono. Wakati ule, jambo lolote lililoteremka kutoka juu lilitazamwa kwanza chini ya mkia, kama mbuzi mnadani.

Kwenye duka la Twaha ndiko maoni yalikotolewa kwanza. Twaha alikuwa mtu wa maneno, babu yake alifika huku akiuza chumvi, na yeye akaongeza sukari, mafuta ya taa na, tangu bidhaa za nje zianze kumiminika, nailoni za kila rangi zilizoning'inia mlangoni kama vitambaa vya sherehe.

"Walianza na ushirika," alisema mzee mmoja aliyekaa kwenye benchi. "Sasa mfuko. Wakimaliza mfuko wataingiza mkono mfukoni."

"Mimi nitawafungia sukari kwa jani la mgomba," Twaha alisema. "Mkifika nyumbani mnalamba jani."

"Lazima kuna mtu ana kiwanda cha karatasi huko mjini."

"Ndiyo hilo. Tafuteni kiwanda."

Aurelia alikuwa amekuja kununua kiberiti. Alikuwa amesoma masomo ya jioni pale parokiani wakati wa mimba ya Tadea, akiegemeza daftari juu ya tumbo, na masomo yale yalimwachia tabia moja ambayo haikumsaidia sana Mbuji: akiwa na jibu, alilitoa.

"Mimi ningeiunga mkono," alisema. "Kwetu Lituhi mvua za huku zikinyesha, mito inatuletea nailoni zenu mpaka ufukweni. Baba yangu anavuta wavu, anatoa mifuko kuliko usipa."

Twaha akampa kiberiti chake taratibu.

"Mama Tadea, kwani mama yako Lituhi anafanya kazi gani?"

"Anasuka vikapu."

"Basi," Twaha alisema, akawageukia wenzake. "Kiwanda si hicho tumekipata?"

Walicheka, na kicheko kilimtangulia nyumbani. Jioni ile Devotha alikuwa na habari nzima na nyongeza yake. "Umeanza kutuletea sheria sasa," alisema. "Mtu anayeng'ang'ania sheria ya watu wote, mara nyingi ana jambo lake la nyumbani."

Siku mbili kabla ya mkutano walimalizia mteremko wa mwisho wa ngoro. Kazi ya ngoro ina mgawo wake. Romanus na baba yake walikuwa wameshafyeka majani na kuyalaza mistari inayokatizana kama madirisha, na wanawake walifuata nyuma, wakichimba udongo katikati ya kila dirisha na kuyafunika majani nao, mpaka mlima mzima ukawa mashimo na kingo. Maji ya mvua yanatua shimoni, majani yanaoza chini ya kingo, na maharage yanapandwa juu. Ndiyo kazi iliyoshikilia milima hii isiteremke ziwani tangu enzi za mababu, na mzee Nazari hakuchoka kujivunia. "Ardhi ya Umatengo haina haya," alipenda kusema. "Inakula kila unachoipa." Taka zote za nyumba yake zilikwenda kwenye ngoro.

Aurelia alikuwa anachimba mahali palipokuwa na ukingo msimu wa nyuma. Majani yaliyofukiwa wakati ule yalikuwa yamegeuka udongo mweusi, laini, wenye harufu tamu. Kisha jembe likavuta kitu. Akainama akakitoa. Ulikuwa mfuko wa nailoni wenye mistari ya buluu, mzima, mistari yake inang'aa kama ya dukani. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, lakini udongo uliokuwa chini ya mfuko ule ulikuwa mkavu na mweupe kama majivu. Mzizi wa nyasi ulikuwa umeufikia, umegonga, ukageuka ulikotoka.

"Mbona umesimama?" Devotha aliuliza kutoka mstari wa juu.

"Haujaoza."

"Fukia, utaoza. Baba anasema ardhi inakula kila kitu."

Aurelia aliufukia, akainua jembe, akalishusha, lakini kichwa kilikuwa kimebaki palepale. Alimkumbuka baba mkwe wake na miche yake. Tangu kitalu cha ushirika kife, kila nyumba ilijioteshea kahawa yenyewe. Mzee alikuwa akishona vyungu kwa magamba ya mgomba, anaotesha mche ndani, na msimu wa kupanda ukifika anauteremsha shimoni pamoja na chungu chake. Hakikutolewa. Kwa nini kitolewe? Gamba la mgomba linaoza, na mzizi unapita.

Na nyuma ya banda la kuku, tangu siku alipofika kama bibi arusi, kulikuwa na bunda la nailoni za zamani zilizotobolewa matundu chini kwa msumari. Aliwahi kubebea pumba kwa nailoni moja kati ya hizo, pumba ikamwagika njia nzima, na Devotha akamcheka. Hakuwa amejiuliza nani hutoboa mfuko, na wa nini. Sasa alijiuliza.

Angeweza kumwambia Romanus. Lakini Romanus angemuuliza baba yake, na mzee angesikia nini? Angesikia kwamba mkamwana, mtu wa ziwani, anamfundisha kupanda kahawa kwenye mlima wake mwenyewe. Na huenda hakuna mfuko wowote kule chini, huenda ni chumvi ya Devotha. Aurelia alitaka kuona kwa macho yake kwanza. Chochote atakachokikuta, alijiambia, hakiwezi kuwa kibaya kuliko kikao.

Jumatano, watu walipoanza kuelekea ofisini, alimfunga Tadea mgongoni, akachukua jembe dogo akapita njia ya nyuma mpaka kwenye kahawa.

Alichagua mti ulionyong'onyea kuliko yote, akapiga magoti na kuchimba kuuzunguka. Haukumpa shida. Mti wa umri ule unapaswa kumshinda mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni. Ule uliyumba, ukatikisika, ukang'oka mzimamzima kama jino bovu, na alipouinua, ulikuwa umevaa mfuko.

Mfuko ulikuwa umepoteza rangi, lakini haukuwa umepoteza kitu kingine. Mizizi miwili mitatu, myembamba kama uzi, ilikuwa imepenya kwenye matundu ya msumari na kunyongwa hapohapo. Iliyobaki yote ilikuwa ndani, imezunguka, imejisokota, imerudi juu, imekabana koo yenyewe kwa yenyewe. Aurelia alikaa chini kwenye udongo. Hakufurahi, kama alivyodhani angefurahi. Aliuonea mti huruma.

"Endelea," sauti ilisema juu yake. "Usiache kwa ajili yangu."

Devotha alikuwa amesimama kwenye njia ya juu, mikono kiunoni.

"Wifi, njoo uone."

"Nimeona. Nimeona tangu siku ulipokuja."

"Shuka uangalie mizizi."

"Nishuke uniroge na mimi?" Devotha akapaza sauti kwa waliokuwa wakipita barabarani kwenda mkutanoni. "Jamani, njooni. Njooni mshuhudie. Mwenye dawa yuko shambani mchana kweupe."

Walikuja. Na kila aliyefika aliona kitu kilekile: mwanamke wa Lituhi ameketi chini, mti wa kahawa wa mumewe umelala mapajani mwake. Kung'oa kahawa si jambo dogo milimani; babu zao walitozwa faini kwa ajili hiyo tangu enzi za mkoloni. Mmoja akasema apelekwe ofisini. Mwingine akataka kumnyang'anya ule mti. Aurelia akakataa. Alivua khanga yake ya juu, akaufunga mti pamoja na udongo wake na mfuko wake kama anavyofungwa mtoto mchanga, akaubeba mwenyewe mikononi, Tadea akichungulia begani.

Mbele ya ofisi ya kijiji, Twaha ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kusema na watu wanapiga makofi. Mzee Nazari alikuwa amekaa benchi la mbele pamoja na wazee wenzake, Romanus amesimama nyuma na vijana. Ignatio aliona msafara ukiingia, akainua mkono.

"Mambo ya nyumbani baadaye. Tupo kwenye sheria ya mifuko."

"Hili si la nyumbani, mwenyekiti," Devotha alisema. "Hii ni kahawa."

Neno hilo lilimfanya Ignatio ashushe mkono. Devotha akaeleza, na alieleza vizuri, kwa kuwa hakuwa anasema uongo: miti iliyosimama, miaka iliyopita, na leo, wakati kijiji kizima kipo mkutanoni, mtu yuko peke yake shambani na jembe. Watu walimgeukia Aurelia.

Aurelia aliweka fundo chini, akafungua khanga. Alimwona mzee Nazari akitazama, kisha akiinama kidogo mbele, kisha akitazama miguu yake mwenyewe. Hapo akajua kwamba mzee ameshautambua mfuko, na kwamba neno moja tu lingetosha kumaliza kesi. Angeliweza kusema ni nani aliyepanda. Watu wangegeuza macho, na tuhuma zote za miaka ile zingehama mabega. Lilikuwa limefika kwenye ulimi.

"Mti huu ulipandwa na mtu anayejua kahawa," alisema badala yake. "Aliupanda kama mababa zake walivyopanda, mche na chungu chake. Chungu cha mgomba kinaoza. Huu haukuoza. Hakuna aliyekosea ila mfuko."

"Nani atatuambia hukuutia wewe leo?" Devotha alisema. "Umekuja na mfuko, umeuvisha mti, umetuletea. Mama yake anasuka vikapu, jamani, msisahau."

Manung'uniko yakapita. Hata waliokuwa wameanza kusogea waone wakasimama.

"Basi chagua mti mwingine," Aurelia alisema. "Wowote. Chagua wewe."

Ignatio alijikuna kidevu. Hakuna kanuni ya mkutano iliyosema wananchi wahamie shambani, lakini pia hakuna iliyokataza, na watu walikuwa wameshasimama. Wakapanda mlima wote, Twaha akihema nyuma na kulalamika kwamba ameacha duka bila mtu.

Devotha alipita mstari hadi mstari bila haraka. Alikwepa miti iliyo karibu na njia. Alikwepa iliyo karibu na shimo la Aurelia. Alipanda mpaka ukingo wa juu kabisa, penye magugu ambayo yalikuwa hayajakanyagwa na mtu, akaweka mkono juu ya mti mmoja.

"Huu."

Romanus alichukua jembe. Mzee Nazari akanyoosha mkono. "Lete," alisema. "Nilipanda mwenyewe, nitachimba mwenyewe."

Alichimba polepole, kwa kuzunguka, kama mtu anayemfunua mgonjwa shuka. Jembe lilipogusa kitu laini alilitupa kando akaendelea kwa vidole, mpaka ukingo mweupe wa nailoni ukatokea, na yeye akabaki ameushika kwa ncha za vidole, amechuchumaa, mgongo wake kwa watu.

"Huu ulikuwa mfuko wa chumvi," alisema mwishowe. Sauti ilikuwa ndogo, waliosikia ni waliokuwa karibu. "Migomba iliangushwa na upepo mwaka ule, magamba hayakutosha. Marehemu mama yenu aliiweka mifuko yote ya dukani kwa ajili yangu. Aliiosha, akaianika kwenye uzio. Mimi nikatoboa."

Devotha alikuwa amesimama juu yake na mkono bado uko kwenye jani la mti. Aliuondoa.

Mtu wa kwanza kusema alikuwa Twaha, na haki yake apewe, alisema jambo la maana. "Pole, mzee wangu. Lakini mwenyekiti, hilo si la sheria. Mfuko ungepasuliwa siku ya kupanda, kahawa ingezaa. Tufundishwe kupasua. Sheria ya nini?"

Watu wakatikisa vichwa kwa kukubali. Lilikuwa swali zuri, na Aurelia alijua kwamba akinyamaza hapo atakuwa amejiokoa yeye tu. Alikuwa amechoka, Tadea amelala mgongoni kwa uzito wa mawe. Angeweza kunyamaza.

"Mifuko hii ilioshwa na kutunzwa," alisema. "Ilishikwa na watu wawili waliopenda shamba lao, na bado iliwashinda. Ile inayopeperuka kutoka dukani nani ataipasua? Juzi nimeikuta kwenye ngoro, udongo chini yake umekufa kwa kiu katikati ya masika. Mnasema ardhi inakula kila kitu. Hiki haikili. Na kisicholiwa hapa kinashuka kwetu ziwani, na ziwa nalo halikili. Mtu akishaupokea huo mfuko, Twaha, hakuna pa kuupeleka. Ndiyo maana nasema uzuiwe kabla ya kupokewa."

"Na mimi nile wapi?"

"Uza vikapu," alisema mzee yule wa benchi. "Mama yake atakupa kwa bei ya jumla."

Safari hii walicheka kicheko kingine, na Twaha mwenyewe alicheka kidogo, ingawa si sana.

Ignatio akasema kwa kuwa wananchi wapo, na hoja ipo, anayeunga mkono anyooshe. Mikono ilikwenda juu, mingine haraka, mingine ikiangalia jirani kwanza. Wa Romanus ulikuwa juu, na ulibaki juu hata baada ya kuambiwa ishushwe. Twaha hakunyoosha. "Nikinyoosha mkono huu, utanikata tumbo hili," alisema, na hakuna aliyemlaumu. Mzee Nazari alikuwa bado amechuchumaa. Mkono wake uliokuwa na udongo uliinuka kidogo kutoka kwenye goti, si zaidi ya mtu anayefukuza nzi. Ignatio akasema huo nao ni mkono.

Maoni ya Mbuji yangeteremka wilayani pamoja na ya vijiji vingine, na nani alijua kama yangerudi yakiwa sheria au yasingerudi kabisa. Watu walianza kushuka, wakibishana. Wapo waliosema mwanamke yule ana akili. Wapo waliosema ndiyo hasa, akili nyingi mno, na iweje ajue mti gani wa kung'oa.

Pale ukingoni mzee alikuwa ameupasua mfuko kwa kisu cha mfukoni na kukutana na lile bonge la mizizi. Alijaribu kuuvuta mmoja, ukakatika. Akajaribu mwingine. Akasimama. Kisha akageuza uso wake wote, si nusu, akamtazama mkamwana wake.

"Mama Tadea," alisema. "Wavu ukijisokota, ninyi watu wa ziwani mnaanzia wapi?"

Aurelia hakuwa amewahi kulisikia jina lake mdomoni mwa mzee.

"Hatuvuti, baba. Tunalowesha kwanza. Halafu tunaanzia pembeni, ule uliolegea."

"Romanus, kachote maji," mzee alisema.

Walikaa pande mbili za shimo, shina kati yao, wakitenganisha mizizi kwa vidole. Mingine ilikubali, mingine ilikuwa imeshakufa na wakaikata. Wangelazimika kufanya hivyo kwa mlima mzima, mti kwa mti, kabla mvua haijakatika, na hata hivyo hakuna aliyejua ni mingapi ingepona. Kikao hakikutajwa. Aurelia alisubiri kitajwe, hakikutajwa, naye hakuuliza.

Devotha alikuwa hajaondoka. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, akiwatazama kama mtu anayetazama wachuuzi wanaopima. Tadea alipoamka na kuanza kulia, alikuja akamfungua kutoka mgongoni mwa mama yake bila kuomba, akamweka kiunoni. Aurelia aliinua macho haraka, mkono wake ukitangulia kumzuia, kisha akaushusha.

"Sijasema nimekuamini," Devotha alisema.

"Najua."

"Nitaziangalia mpaka zitoe maua."

"Tuziangalie wote, wifi," Aurelia alisema. "Hata mimi nilikuwa nakuangalia wewe na ndoo yako."

Devotha alimtazama kwa muda mrefu, kama anatafuta ilipofichwa dharau. Halafu akamhamishia mtoto upande wa pili wa kiuno, akashuka hadi mti wa pili, akaanza kufyeka magugu ya shinani kwa mkono mmoja.